Yule wa Kwenye Oleanda Si Nyoka

(Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, walimu na wanafunzi kwenye jioni ya klabu ya mazingira hapa Kisumu. Wazazi kadhaa waliniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi watoto mliokaa sakafuni hapo mbele kwa sababu viti vimeisha: hamjambo? Asanteni kwa kunipokea.

Nilikuwa nimepanga kuanza na jambo lingine, lakini chupa hii mnayoiona mezani imenibadilishia mpango. Nimepewa langoni saa tisa na nusu. Aliyenipa ni msichana wa kidato cha kwanza, na alikuwa ameishika mbali na mwili wake kama mtu aliyebeba kaa la moto. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu anauma?"

Ndani mna kijiti cha oleanda, ule mti wa maua tunaoupanda kandokando ya barabara, chenye majani manne, na juu ya kijiti mna kiwavi mnene kuliko kidole changu cha shahada, kijani kama jani changa la mgomba. Ubavuni ana mstari mweupe uliozungukwa na vidoti, kama mtu aliyenyunyiziwa unga. Nyuma ana kipembe kifupi cha manjano. Na mbele, pale ambapo mtu angedhani ni usoni, ana madoa mawili ya buluu yaliyozungushiwa weusi. Ngoja nimguse kidogo kwa ukoka. Mmeona? Kichwa chake halisi, kile kidogo cha mbele kabisa, amekiinamisha na kukificha. Mabega yamevimba. Na yale madoa mawili yamefumbuka, yanatutazama sote.

Hauma, mwanangu. Hana manyoya ya kuwasha, hana mate ya sumu, na kipembe kile hakidungi. Macho hayo si macho, ni rangi ya ngozi tu. Macho anayoonea ni vidoti vidogo mno pembeni mwa kichwa, hata mimi siku hizi siwezi kuvihesabu bila miwani. Ndege akija kumdonoa, anakutana ghafla na uso wa nyoka. Akisita kwa kitambo kidogo tu, kiwavi amepona.

Huyu ni mtoto wa nondo. Najua tukitaja nondo wengi mnamkumbuka yule anayetoboa sweta sandukuni. Nondo ni jamaa wengi sana, na wanaokula nguo ni wachache mno kati yao. Huyu akikua anakuwa mmoja wa nondo wazuri kuliko wote wanaoruka juu ya mji huu, naye ni wa kijani. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimwandika mwaka 1758 na kumpa jina la oleanda, *nerii*. Leo vitabuni anaitwa *Daphnis nerii*. Mimi nitamwita nondo wa oleanda, na mtaelewa.

Sasa niwaambie kwa nini nimekubali mwaliko wa leo hata kabla sijaangalia kalenda.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, ambayo sitaitaja, kulikuwa na ua mrefu wa oleanda kutoka langoni hadi bwenini. Maua ya waridi na meupe. Mwaka mmoja, baada ya mvua za masika, viwavi hawa walijaa. Mzee aliyetunza bustani akanijia darasani, akaniita pembeni, akasema, "Mwalimu, usipite kule. Kuna nyoka wachanga kwenye maua." Nilimfuata, nikamwonyesha, nikamshika mmoja mkononi. Mzee akacheka, akamshika naye. Lakini habari zilikuwa zimeshafika ofisini. Siku ya Jumamosi, nikiwa nyumbani, ua wote ulikatwa hadi chini na matawi yakachomwa kwenye shimo nyuma ya jikoni.

Wazazi, naomba hili mlishike hata mkisahau mengine yote: oleanda haichomwi karibu na watu. Moshi wake una sumu. Wasichana waliokuwa bwenini walikohoa na macho kuwawasha hadi Jumapili, na tunashukuru halikuzidi hapo. Kiwavi waliyemwogopa asingemdhuru hata mmoja wao. Kilichokuwa na madhara ni mti wenyewe, ambao tulikuwa tumewapandishia watoto hao nje ya dirisha. Kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, gome, mzizi. Usimruhusu mtoto atafune jani lake wala atumie kijiti chake kuchomea nyama. Hiyo ndiyo sababu mbuzi hawaugusi, na ndiyo sababu tumeupanda kandokando ya barabara na majumba yetu.

Jumatatu nilipofika nilizunguka lile shimo la majivu. Kando ya ukuta, chini ya bomba la maji, nikamkuta kiwavi mmoja anatembea. Mgongo wake ulikuwa umeanza kugeuka kutoka kijani kwenda kahawia. Hiyo ni dalili: amemaliza kula, ameshuka mtini, anatafuta mahali pa kujificha ageuke. Nilimtia kwenye ndoo yenye majani makavu, nikaifunika kwa chandarua, nikaenda naye nyumbani.

Alikaa juu ya majani siku nzima. Kesho yake hakuonekana. Nilipochambua majani taratibu nikaona amevuta nyuzi chache na kuyashikanisha, si kifukofuko kigumu, ni kama mtu aliyejifunika magazeti. Siku chache baadaye ngozi ya kiwavi ilikuwa imevuliwa, na ndani mmelala pupa, yule asiye kiwavi tena wala nondo bado, wa rangi ya chai ya maziwa, mrefu kama kidole, na vidoti vyeusi ubavuni. Ukimgusa alitikisa mkia. Basi.

Usiku wa kumi na saba nilisikia kitu kikikwaruza ndani ya ndoo. Nilipofunua, nondo alikuwa ameshatoka, anapanda chandarua. Mabawa yake yalikuwa madogo na yamekunjamana kama karatasi iliyoloweshwa. Alipofika juu akajining'iniza, akatulia. Nikavuta kiti. Ilichukua kama nusu saa. Mabawa yalishuka polepole, mikunjo ikinyooka mmoja baada ya mwingine, maana alikuwa akisukuma maji ya mwili wake kwenye mishipa ya mabawa. Na rangi ikaja. Sijui niseme vipi. Kijani cha kukolea, kijani cha mwani, mstari mweupe uliopinda, vipande vya waridi, na mguso wa zambarau pembeni. Mmeona gwanda za wanajeshi wetu? Chukua mchoro ule, uufanye wa hariri. Mabawa yakifunguliwa ni sentimita kumi hivi kutoka ncha hadi ncha, upana wa kiganja changu. Nilimweka juu ya majani ya mchungwa nje ya dirisha, nikaingia ndani kuchukua kikombe cha chai. Niliporudi sikumwona, na alikuwa palepale.

Kisha akaanza kutetemeka. Nondo wa ukoo huu hawaruki wakiwa baridi. Hutikisa misuli ya kifua kwanza, kama dereva anayewasha lori asubuhi, hadi kifua kipate joto la kutosha. Mabawa yalitetemeka hadi yakawa ukungu. Halafu kiti changu kikabaki peke yake na mimi.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza swali moja, na majibu yake ndiyo yatakayochukua muda wetu mwingi leo. Sumu ya oleanda inaua ng'ombe. Huyu anaila asubuhi, mchana na jioni, ananenepa. Kwa nini hafi?

Tuanze na jinsi sumu inavyofanya kazi. Kila seli ya mwili wako ina pampu ndogo sana kwenye ukuta wake. Inatoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, bila kupumzika, tangu ulipokuwa tumboni mwa mamako. Neva zinategemea pampu hiyo kupeleka ujumbe, na moyo unaitegemea kupiga kwa mpangilio. Sumu ya oleanda inakwenda moja kwa moja kwenye pampu hiyo na kuiziba. Moyo unapoteza mdundo. Sumu ya ndugu yake, msunguti, hufanya vivyo hivyo. Msunguti mnaujua, au babu zenu waliujua: ndio mti ambao wawindaji wa jamii nyingi za Kenya walichemsha magome na mizizi yake wakapaka mishale. Mshale wenyewe hauhitaji kumchoma mnyama moyoni. Sumu italifikisha jambo huko.

Oleanda na msunguti ni wa ukoo mmoja wa mimea. Katika ukoo huohuo kuna vinka, yale maua ya waridi na meupe mnayopanda kwenye makopo barazani. Na kuna ochuoga. Ndiyo, ochuoga wetu, wa matunda meusi matamu tuliyochuma njiani kutoka shule na kurudi nyumbani na midomo ya zambarau. Waswahili wa pwani wanauita mtandamboo. Vunja kijiti cha ochuoga na utaona utomvu mweupe. Nondo huyu anaujua ukoo huo kuliko sisi. Oleanda ni mgeni aliyeletwa kupamba miji, lakini nondo hakuwa na haja ya kujifunza upya: alikutana na mti mgeni wenye harufu ya jamaa anaowafahamu, akataga.

Sasa, wako wadudu wengine wanaokula sumu ya aina hii. Yule kipepeo mashuhuri wa Marekani mwenye mabawa ya rangi ya chungwa, pampu yake imebadilika umbo kidogo, sumu haiishiki. Tena anaiweka sumu mwilini, ndege akimla anatapika na hamrudii. Ungedhani huyu wetu naye amefanya hivyohivyo. Georg Petschenka na Susanne Dobler, watafiti wa Ujerumani, wakaipima pampu yake na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walitumia uabaini, sumu iliyomo pia katika msunguti. Pampu ya nondo wa oleanda ikazibika vizuri kabisa. Haina kinga yoyote! Kiwavi huyu hapa mezani, pampu zake ni dhaifu kama za mdudu yeyote ambaye hajawahi kuonja jani la oleanda.

Ikabidi watafute kwingine. Mwaka 2013, wao na wenzao wakaonyesha kwamba kinga iko kwenye ala inayozifunika neva. Neva za mdudu zimevikwa utando mwembamba, na kwa huyu utando huo unaizuia sumu isizifikie pampu zilizo ndani. Pampu haikubadilika. Mlango umefungwa. Mimi nimefundisha biolojia miaka thelathini na moja, na niliposoma hilo niliinuka nikatembea chumbani.

Lakini angalieni gharama yake. Kwa kuwa haiweki sumu mwilini, nyama yake ni nyama tu. Ndege akimpata atamla na kushiba. Ndiyo maana analazimika kuwa na haya yote mnayoyaona ndani ya chupa: rangi ya jani, mstari kama mshipa wa jani, na akigunduliwa, macho ya nyoka. Anakula kinachoua ng'ombe, na silaha yake pekee ni kujifanya.

Msichana wangu wa kidato cha kwanza, ulikuwa sahihi kushtuka. Ndivyo ilivyokusudiwa umwone.

Maisha yake mengine nitayapita haraka. Mama hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga, la kijani hafifu, dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kiwavi akianguliwa ni wa manjano, na ana pembe nyeusi ndefu kupita kiasi kwa mwili wake. Anavua ngozi mara kadhaa, na macho ya buluu yanakuja baadaye. Nyigu na nzi fulani hutaga mayai juu yake na watoto wao wakamla akiwa hai, kwa hiyo ukiona viwavi ishirini usidhani utapata nondo ishirini. Popo wanachukua sehemu yao usiku. Kwenye joto kama letu, kutoka yai hadi bawa ni muda wa mwezi mmoja na ushei. Na wanasafiri mno. Makao yao ni Afrika na kusini mwa Asia, lakini wakati wa kiangazi cha Ulaya wengine huvuka hadi huko, mara chache hata Uingereza, ambako baridi ikija hawawezi kuishi.

Sasa niongee na wakulima, maana naona wamama wa Nyando wamekaa nyuma na wamenisubiri kwa uvumilivu.

Mna mipapai. Mnajua kwamba mipapai ya kienyeji kuna ya kiume na ya kike, na mipapai dume haikatwi yote hata kama haizai. Je, chavua inatokaje kwa dume hadi kwa jike? Si upepo tu, na si nyuki peke yao. Ua la papai hunukia jioni. Nondo wa ukoo wa huyu, wenye mrija mrefu uliokunjwa kama koili chini ya kidevu, huja giza likiingia na kusimama hewani mbele ya ua, bila kutua. Ua la kiume lina mbochi ndani. Ua la kike halina kitu. Lakini gizani yanafanana, na nondo anaingiza mrija kwa jike akidhani ni dume. Papai mnalolipasua mezani limetokana na kosa hilo la jioni.

Dino Martins, mtaalamu wetu wa wadudu hapa Kenya, pamoja na Steven Johnson walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu mashamba ya mipapai ya hapa nchini. Walichokiona ni kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye kichaka cha asili, na hali ya kichaka hicho, vinagusa kazi hii ya nondo. Hilo halipaswi kutushangaza. Nondo haishi kwenye mpapai. Mtoto wake anahitaji jani lingine la kula, na yeye mwenyewe anahitaji maua mengine mpapai usipochanua. Ochuoga kwenye mpaka wa shamba ni jani kwa mtoto na ua la harufu kwa mama.

Mama mmoja aliniambia pale nje kabla hatujaanza: "Dada, mimi ochuoga niliung'oa wote, una miiba na unakula nafasi ya mahindi." Ninamwelewa. Shamba ni robo eka na watoto wana njaa. Sisemi muache kichaka kimeze shamba. Nasema mita chache kando ya mto au kwenye kona ya ua, na msipulizie dawa hapo. Na kiwavi akila oleanda yenu hadi ibaki vijiti, iacheni. Itachipua. Ule ua wa shule niliowaeleza ulikatwa hadi chini na mwaka uliofuata ulikuwa na urefu wa kifua changu. Viwavi tu ndio ambao hawakurudi mwaka ule.

Nitaje pia vinka, maana kuna mzazi hapa ambaye mwanawe alitibiwa saratani ya damu. Mwaka 1958 Robert Noble na Charles Beer, nchini Kanada, walitangaza kemikali waliyoipata katika jani la vinka, ikaitwa vinblastini. Baadaye ikapatikana dada yake, vinkristini, ambayo hadi leo ni sehemu ya matibabu ya watoto wenye saratani hiyo. Ukoo huu wa mimea unaua na unaponya, inategemea kipimo na mkono. Msitengeneze dawa zake nyumbani, tafadhali. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Na ninyi vijana mnaopenda mambo haya, msidhani ni lazima mwende Ulaya ndipo muyasome. Ng'ambo tu ya ghuba, Mbita, kuna kampasi ya icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Kampasi hiyo ina jina lake. Mtu wa huku huku, aliyeamua kwamba mdudu anastahili kuchunguzwa na Mwafrika akiwa Afrika. 

Jua limeshashuka, naona dirishani.  Nimemwomba mwalimu mkuu, naye amekubali, kwamba taa kubwa ya nje izimwe kwa saa moja, kwa sababu nondo akiiona ataizunguka hadi achoke badala ya kwenda kwenye maua. Wenye tochi, nimeleta karatasi nyekundu za kufunika kioo, na raba za kuzifungia. Pita hapa mbele uchukue. Kuna asumini imechanua kando ya tangi la maji, na mipapai miwili dume nyuma ya maktaba. Tutajigawa makundi mawili. Msiongee kwa sauti, msimulike angani, simameni tu mtazame maua. Mkisikia mvumo kama feni ndogo karibu na sikio, msipunge mkono.

Kwanza tutapitia kwenye oleanda, tumrudishe huyu kwenye mti uleule alikotolewa. Aliyenipa chupa ndiye atakayeibeba. Shika karibu na kifua, hivyo. Twendeni.